Pikipiki Imezima Njiani: Uliza Maswali Matatu Kabla ya Kufungua Injini



Siku hizi pikipiki imeingia karibu kila kijiji. Inapeleka mgonjwa zahanati, inapeleka mahindi mnadani, inambeba bwana shamba na mwalimu. Nyingi kati ya hizo si mpya. Zimenunuliwa mkono wa pili au wa tatu, na mwenyewe ameuza ng'ombe ili aipate. Injini ikifa, na chakula cha nyumba hiyo kimeingia mashakani.

Tazameni yanayotokea mara nyingi. Pikipiki inakataa kuwaka. Mwenyewe anasema, "Imenoki." Fundi wa chini ya mwembe anachukua spana, anafungua injini, anatoa pistoni. Jioni mwenye pikipiki anaambiwa alete ringi, alete pistoni, alete na gasketi. Anakopa. Vinafungwa vipya, na bado injini haiwaki! Siku ya tatu anapita mtu mwingine, analegeza skrubu ndogo chini ya kabureta, yanatoka maji. Anafunga skrubu, anapiga kiki, injini inaunguruma.

Hasara hapo ni kubwa kuliko bei ya ringi. Injini ya zamani ikifunguliwa bila sababu, haifungiki tena kama ilivyokuwa. Nyuzi za boliti huchoka, vumbi huingia ndani, gasketi ya bei rahisi huanza kuvujisha oili. Kwa hiyo somo letu la leo ni hili: namna ya kutafuta ugonjwa wa injini kwa utaratibu, tukianza na mambo yasiyo na gharama. Kufungua injini kutakuja mwisho, na mara nyingi hatutafika huko.

INJINI INATAKA NINI?

Injini ya pikipiki inataka vitu vitatu ili iwake. Inataka moto, yaani cheche ya plagi. Inataka petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake. Na inataka mbano, ambao mafundi huuita kompresheni. Kimoja kikikosekana, injini haiwaki hata ukipiga kiki mpaka mguu uvimbe.

Ndani ya silinda mna pistoni. Pistoni hufanya safari nne. Ikishuka mara ya kwanza, huvuta petroli na hewa. Ikipanda, huvibana katika nafasi ndogo sana. Hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni ishuke kwa nguvu; nguvu hii ndiyo inayozungusha gurudumu. Kisha pistoni hupanda tena na kutoa moshi. Juu ya silinda kuna milango miwili, nayo huitwa valvu. Mmoja huingiza mchanganyiko, mwingine hutoa moshi. Wakati wa kubana, milango yote miwili lazima iwe imefungwa kabisa. Tutarudi kwenye milango hii, maana ina visa vingi.

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 100 katika sekunde moja. Kwa mwendo huo, kitu kinachoilinda na silinda yake ni utando mwembamba wa oili.

Mfano wetu ni injini ya Honda CG125. Wajapani walianza kuitengeneza mwaka 1976 kwa ajili ya nchi zenye barabara mbaya na mafundi wachache. Pistoni yake ina upana wa milimita 56.5, na valvu zake husukumwa na fimbo mbili. Viwanda vingi vya China viliiga injini hii, kwa hiyo pikipiki nyingi za bei nafuu zilizoko vijijini ni ndugu zake, hata kama majina kwenye tangi ni tofauti. Pikipiki kama Boxer zina mnyororo mdogo ndani ya injini badala ya fimbo, lakini maswali matatu ni yale yale.

MGONJWA HUHOJIWA KWANZA

Daktari hampasui mgonjwa kabla ya kumwuliza maumivu yalianza lini. Nasi tufanye hivyo. Je, injini ilizima ghafla, kama mtu aliyezima taa? Shuku moto. Ilikohoakohoa, ikapungua nguvu, ikazima? Shuku petroli. Imekuwa ikipoteza nguvu wiki baada ya wiki, mlima iliokuwa ikipanda kwa gia ya tatu sasa inataka ya pili, na kiki imekuwa nyepesi? Shuku mbano. Au ilitoa sauti ya kulia, ikawa kama imeshikwa, na gurudumu la nyuma likaburuzika? Hiyo ni habari ya oili, na ni mbaya kuliko zote.

Kisha angalia mambo ambayo watu huona aibu kuyaangalia. Je, petroli imo? Tikisa tangi usikie. Koki imefunguliwa? Kama iko mahali pa kawaida, igeuze kwenye akiba. Swichi nyekundu ya kwenye usukani haikuguswa na mtoto? Kofia ya plagi haikuchomoka kwenye matuta? Usicheke. Pikipiki nyingi zimesukumwa kilomita nyingi kwa sababu ya swichi hiyo.

Kabla ya kuendelea, sogeza pikipiki mbali na jiko na mtu anayevuta sigara. Usiku usitumie kibatari wala mshumaa, tumia tochi. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini hutambaa chini na kuufuata moto ulipo. Wala usijaribu injini ndani ya nyumba iliyofungwa. Katika moshi wake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

SWALI LA KWANZA: MOTO UPO?

Futa vumbi kuzunguka plagi ili lisiangukie ndani ya silinda, kisha ifungue kwa spana yake. Kabla ya kuijaribu, isome. Plagi inasomeka kama barua.

Ikiwa na rangi ya kahawia isiyokolea, kama chai ya maziwa, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi, kavu, na masizi yake hupanguka kwa kidole, injini inapata petroli nyingi kuliko hewa. Tazama chujio la hewa kama limeziba, au choki kama imekwama. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, basi oili inapita mahali isipotakiwa kupita, na hapo mashaka yako yahamie kwenye ringi au valvu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inachemka: inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Tafuta kama kuna ufa kwenye kiungo kati ya kabureta na injini. Ukiendelea kuendesha hivyo, pistoni inaweza kutoboka. Na ikiwa imelowa petroli tu, petroli inafika ila haikuwashwa.

Sasa isafishe kwa brashi na kitambaa kikavu. Uwazi kati ya ncha zake mbili uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Irudishe kwenye kofia yake, kisha ilaze juu ya chuma cha injini ili mwili wake uguse chuma vizuri, mbali kidogo na tundu ilikotoka. Usiishike kwa mkono mtupu, umeme wake ni wa maelfu ya volti. Washa swichi, piga kiki, tazama mahali penye kivuli. Cheche nzuri ni ya buluu, na unaisikia ikilia tak! tak! Cheche nyekundu iliyo hafifu ni mgonjwa. Wala usipige kiki huku plagi imechomolewa na haigusi chuma, maana umeme ukikosa pa kupita unaweza kuharibu koili.

Hakuna cheche? Jaribu kwanza plagi nyingine unayojua ni nzima. Hiyo ndiyo sababu dereva mwenye akili hubeba plagi ya akiba chini ya kiti. Bado hakuna? Fungua kofia ya plagi, maana nayo hufa, hasa baada ya mvua. Kausha nyaya. Fuata waya kutoka koili hadi swichi ukitafuta mahali palipochubuka na kugusa chuma. Kwenye pikipiki za zamani zenye platini, safisha uso wa platini kwa msasa laini, kisha upanguse kwa kitambaa kisafi. Uwazi wake ukiwa umefunguka ni milimita 0.3 hadi 0.4. Pikipiki za baadaye hazina platini. Zina kiboksi cheusi kinachoitwa CDI. Hicho hakifunguliwi wala hakisafishwi. Hujaribiwa kwa kuazima kizima cha aina ile ile kutoka kwa jirani, na ndiyo maana yafaa kukaa vizuri na majirani.

Neno moja kuhusu betri. Injini nyingi za aina hii hutoa cheche kutoka kwenye sumaku inayozunguka, kwa hiyo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Lakini si zote. Kama yako hutegemea betri, ipime kabla ya kununua koili.

SWALI LA PILI: PETROLI INAFIKA?

Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Petroli inapaswa kutoka mfululizo. Ikidondoka tone tone, fungua kifuniko cha tangi. Je, sasa inatoka kwa nguvu? Basi umempata mwizi. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kuingiza hewa, nalo limezibwa na vumbi. Petroli haiwezi kutoka kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Dalili ya ugonjwa huu ni ya ajabu: pikipiki huenda vizuri kilomita kadhaa, huzima, ukipumzika chini ya mti huwaka tena. Watu wengine husema ina mashetani. Haina.

Kama haitoki hata kifuniko kikiwa wazi, safisha chujio la koki.

Kama inafika, nenda kwenye bakuli la kabureta. Chini yake kuna skrubu ya kumwagia. Kinga kwa chombo cha kioo au chupa safi iliyokatwa, ulegeze skrubu, uache kitokee kilichomo. Acha kitulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, nawe utayaona kama shanga zinazobingirika. Maji hutoka wapi? Hutoka kwenye chupa za maji ya kunywa zinazotumiwa kuuzia petroli njiani, na kwenye tangi linaloachwa nusu tupu usiku wa baridi. Usiimwage petroli hiyo shambani wala karibu na kisima.

Kuna na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Tanzania uchakachuaji huu ulikuwa umezidi mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, ili bei yake isogee karibu na ya petroli na faida ya kuchanganya ipungue. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo huwa ngumu kuwaka asubuhi na hugonga ikiwa na mzigo. Ukiona hivyo, badili mahali unaponunua kabla hujabadili vipuri.

Ndani ya kabureta mna jeti, vijitundu vyembamba vinavyopima petroli. Vikiziba, injini huwaka kwa choki tu, au hukohoa ukivuta resi. Vifungue, uvipulize kwa pampu ya baiskeli. Usichokonoe kwa waya wala sindano! Tundu likipanuka hata kidogo sana, injini itakunywa petroli bila kipimo, na hakuna fundi atakayelirudisha.

Ikiwa umepiga kiki muda mrefu na unanusa petroli, injini imelewa. Funga koki, vuta resi mpaka mwisho, piga kiki mara kadhaa, mchanganyiko ule uliozidi utoke.

Hapa tuseme na jambo la chujio la hewa. Wapo vijana wanaolitoa kabisa, eti pikipiki ipate mbio. Vumbi la barabara zetu lina mchanga ndani yake. Likiingia kwenye silinda pamoja na hewa, hufanya kazi ya msasa: hula ringi na kuta za silinda. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kabisa, hutiwa matone ya oili na kukamuliwa. Chujio la karatasi haliogeshwi. Hukung'utwa, na likichakaa hubadilishwa.

SWALI LA TATU: MBANO UPO?

Moto upo, petroli inafika, bado haiwaki. Toa plagi. Hakikisha umezima swichi. Weka kidole gumba juu ya tundu la plagi, ubane sana, vuta resi mpaka mwisho, mwenzako apige kiki. Mbano mzuri hukisukuma kidole, hutaweza kuuzuia. Kama kidole kinakaa kwa raha zake, mbano ni dhaifu.

Hapa ndipo wengi husema, "Ringi zimekwisha," na hapa ndipo fedha hupotea. Subiri. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kupitia tundu la plagi. Piga kiki mara tatu nne ili oili ienee. Pima tena kwa kidole. Kama sasa mbano umeongezeka, oili imeziba nafasi kando ya pistoni, na ni kweli ringi au silinda imechakaa. Kama hakuna mabadiliko, upepo unapotelea juu, kwenye valvu au kwenye gasketi ya kichwa. Gasketi iliyoungua mara nyingi huacha alama za oili au masizi kwenye maungio, na husikika ikipuliza.

Lakini kabla ya yote hayo, angalia tapeti. Tapeti ni skrubu ndogo zinazosukuma valvu. Kati ya tapeti na valvu lazima kuwe na uwazi kidogo, maana chuma kikipata moto hurefuka. Kadiri miezi inavyopita, valvu hujichimbia kwenye kiti chake na uwazi ule hupungua, mpaka siku moja unakwisha. Hapo valvu haifungi tena kabisa. Ni kama mlango ulioshikiliwa na jiwe. Mbano unapotea, injini inakuwa ngumu kuwaka hasa ikiwa na moto, na ringi hazina kosa lolote.

Uwazi unaotakiwa kwenye CG125 ni milimita 0.08 kwa kila valvu. Unene huo unakaribia ule wa karatasi moja ya gazeti. Lakini usipimie gazeti, maana karatasi hubonyea. Tumia kipimo cha chuma chenye mabapa membamba, mafundi hukiita fila.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, afadhali asubuhi kabla haijawashwa. Toa plagi na kifuniko cha juu cha injini. Zungusha injini polepole mpaka pistoni ifike juu kabisa mwishoni mwa safari ya kubana. Alama ya T kwenye sumaku italingana na alama ya kwenye mwili wa injini. Tikisa tapeti zote mbili. Zote zinapaswa kuwa huru. Kama moja imekazwa kabisa, huenda uko kwenye safari ya kutoa moshi. Zungusha mzunguko mmoja zaidi, ujaribu tena. Ikiwa bado imekazwa, umeuona ugonjwa. Legeza nati, pitisha bapa la 0.08, geuza skrubu mpaka bapa lipite kwa kukwaruza kidogo. Shikilia skrubu hapo hapo huku ukikaza nati. Kisha pima tena, maana nati ikikazwa hupenda kuhamisha skrubu.

Kwa pikipiki ya aina nyingine tumia kipimo cha kitabu chake. Tapeti zikiwa wazi mno hulia kama cherehani. Zikibana mno hazisemi kitu. Kwa hiyo tapeti inayolia kidogo si adui. Adui ni ile iliyonyamaza.

KIKI IMEKWAMA

Sasa tuje kwenye ugonjwa ule mbaya. Kiki haisogei. Injini imeshika.

Ikitokea ukiwa mwendoni, shika klachi mara moja, maana gurudumu lililofungwa linakuangusha. Egesha, uiache ipoe kabisa, saa nzima au zaidi. Usimwage maji ya baridi juu ya injini yenye moto, chuma hupasuka. Ikipoa, jaribu kiki kwa mkono, polepole. Wakati mwingine huachia. Hata ikiachia, pima oili kabla ya kuwasha.

Pikipiki iliyokaa bila kutumika tangu masika yaliyopita nayo inaweza kukwama kwa kutu. Hiyo usiipigie nyundo. Mimina oili nyepesi kupitia tundu la plagi, iache usiku kucha. Kesho yake weka gia ya juu, sukuma pikipiki mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikigoma, rudia siku ya pili. Subira hapa ni bei rahisi kuliko krenki.

Lakini injini nyingi hazikwami kwa kutu, zinakwama kwa oili. Injini hii hubeba oili karibu lita 1 tu, na lita hiyo moja inalainisha silinda, gia na klachi kwa pamoja. Ikipungua nusu, iliyobaki inafanya kazi mara mbili kwa joto zaidi. Mafundi wengi hushauri kuibadili kila baada ya kilomita 1,500 hadi 2,000. Dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufika 2,000 katika siku 20. Anayesema, "Nilibadili mwezi juzi," ahesabu tena.

Kupima ni rahisi. Weka pikipiki wima, pahali tambarare, injini izimwe dakika chache. Toa kijiti, kifute, kirudishe, kitoe, soma. Kwenye Honda kijiti hakikazwi wakati wa kupima, kinawekwa tu. Oili iwe kati ya alama mbili. Oili nyeupe kama uji imeingia maji. Oili yenye chembe zinazong'aa ina chuma kinacholiwa ndani, na hapo usiwashe tena mpaka ijulikane ni kipi. Ile uliyoimwaga usiitupe mtoni. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko.

Moshi nao unasema. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ukitoka mfululizo ukivuta resi, ni ringi, ukitoka kwa muda tu unapowasha asubuhi, mara nyingi ni mipira ya valvu. Pikipiki za zamani za mipigo miwili, kama Yamaha AG100, haziko katika hesabu hii. Zile huunguza oili pamoja na petroli kwa maumbile yake, na moshi wa buluu kidogo ni afya yake.

IKIBIDI KUFUNGUA

Tuseme umeuliza yote, na jibu ni ringi au silinda. Sasa fungua, au mpe fundi huku ukiangalia kwa macho yako. Kazi ifanyike kwenye turubai safi, si kwenye mchanga. Kila nati iwekwe kwenye kopo lake.

Silinda ikitoka, pitisha kidole ndani, juu na chini. Je, unagusa mikwaruzo au ngazi karibu na ukingo wa juu? Basi ringi mpya peke yake hazitasaidia. Ringi ni duara. Silinda iliyoliwa si duara tena. Utapata nguvu wiki chache, kisha moshi wa buluu utarudi. Silinda ya namna hiyo huchongwa upya na mtu mwenye mashine, na hufungwa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huuzwa kwa ukubwa ulioongezwa wa milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Ukifanya kinyume unaweza kuzunguka maduka yote ya wilaya bila kupata inayoingia.

Shika na koni rodi, ile fimbo inayobeba pistoni. Ivute juu na chini. Kuyumba kidogo kwa pembeni ni kawaida. Ikicheza juu na chini, beringi ya krenki imekwisha, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Wakati wa kufunga, alama iliyo kwenye ringi hutazama juu. Midomo ya ringi isipangwe mstari mmoja, iachane kuzunguka pistoni. Paka oili. Weka gasketi mpya, hata kama ile ya zamani "bado nzuri." Nati za kichwa zikazwe kwa kupishana, hii na ile inayoikabili, kidogo kidogo kwa awamu, mpaka zote zilingane. Pima tapeti. Kisha kwa kilomita 500 za kwanza usibebe mishikaki ya watu watatu, wala usivute resi mpaka mwisho. Ukifika hapo mwaga oili ile uweke mpya, maana itakuwa na unga wa chuma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pikipiki ya jirani huenda kilomita 5, inazima, ikipumzika inawaka tena. Utaanza kuangalia wapi, na kwa nini?

2. Umetia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, na mbano haukuongezeka. Je, utakubali kununua ringi?

3. Dereva anakwenda kilomita 80 kila siku. Akibadili oili kila kilomita 2,000, itakuwa kila baada ya siku ngapi?

4. Leteni plagi kuukuu kutoka pikipiki tatu za kijiji. Someni rangi zake pamoja, kisha waulizeni wenyewe injini zao zina tabia gani.

5. Fila moja inaweza kutumiwa na pikipiki zote za kijiji. Nani anayo kwenu? Kama hakuna, kila mwenye pikipiki achange kiasi gani ili inunuliwe, na ikae kwa nani?